Cheti cha Kuwinda: Habari za Sheria ya Wanyama Katika Nchi ya Uha

Habari ninayotaka kuwaeleza ni ya karatasi ndogo, nayo ni cheti cha kuwinda. Karatasi hiyo imeleta magomvi mengi katika nchi ya Uha, yaani katika vilima vya Kasulu na Kibondo na mabonde yaliyo chini yake. Wengine hudhani kuwa ni kodi tu ya Serikali. Wengine hudhani kwamba mwenye cheti amepewa ruhusa ya kuua mnyama ye yote, kwa silaha yo yote, siku yo yote. Wote wamekosa. Cheti hufunga mambo matatu pamoja: mnyama, silaha na majira. Tukijua jinsi mambo hayo yalivyofungwa, tutajua kwa nini sheria hii ilikuwa na haki upande mmoja, na upande wa pili ilimwacha mwenyeji nje.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Upande wa magharibi, kuelekea Burundi, ni milima yenye baridi, mashamba na ng'ombe. Huko wanyama wakubwa ni wachache. Upande wa mashariki nchi inashuka mpaka mapori ya miombo na mabwawa ya mito Malagarasi na Moyowosi. Humo hukaa korongo, palahala, kongoni, tohe na nyati. Humo pia hukaa nzohe, mnyama wa matete, ambaye kwato zake ni ndefu na hupanuka, hata aweza kutembea juu ya tope mahali ambapo mtu angezama.

Watu wa bara waliwinda kwa mkuki, kwa upinde, kwa mbwa, kwa nyavu na kwa mashimo. Silaha hizo zilikuwa na mpaka wake. Mwenye mkuki sharti amkaribie mnyama, tena sharti awe na wenzake. Wakati wa masika majani huwa marefu kuliko mtu, mito hujaa, na watu wana kazi ya jembe. Kiangazi kikifika, majani hukauka na kuungua, njia huonekana, na wanyama hukusanyika penye maji. Kwa hiyo hata kabla ya sheria iliyoandikwa yalikuwapo majira ya kuwinda na majira ya kuacha, nayo yaliwekwa na mvua na majani.

Mpaka huo ulianza kuvunjika bunduki zilipofika. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu ilifika Ujiji pamoja na misafara ya pwani. Stanley alipopita Uha mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone, alilazimishwa kutoa hongo kubwa njiani. Maana watawala wa Uha walijua vema thamani ya barabara ile. Pamoja na nguo na shanga zilikuja bunduki za gumegume, na baadaye gobore za fataki. Ndovu mmoja alikuwa mali, na bunduki ilikuwa njia ya kuipata mali hiyo.

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, mji wa Ubelgiji, yakaafikiana juu ya silaha katika Afrika. Bunduki zenye mitutu ya kukatwa ndani, zipigazo mbali, zilizuiwa katika nchi zote zilizo kati ya mstari wa 20 kaskazini na mstari wa 22 kusini. Gumegume na baruti za kawaida ziliweza kuruhusiwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini tangu hapo silaha zilianza kuwa na daraja: bunduki nzuri kwa watu fulani, gobore kwa wengine. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa sheria za wanyama ziliingia katika njia hiyo hiyo.

Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, aliyekuwa Gavana wa Wajerumani, alitoa amri ya kuwalinda wanyama. Aliagiza kwamba awindaye awe na cheti, akatenga mahali ambapo uwindaji ulizuiwa. Wissmann aliona kuwa ndovu na wanyama wengine wanaangamizwa kwa haraka, na katika hilo hakukosea. Lakini wazo la cheti na la majira alilitoa kwao Ulaya. Basi yatupasa kuuliza kwao lilikuwaje.

Katika misitu ya Ulaya mnyama awindwaye sana ni ayala, ambaye wasomaji wa Zaburi wanamjua kwa jina. Katika Afrika yetu ya Mashariki ayala wa porini hayuko, ingawa wageni wengine humwita swala au pongo kwa jina lake. Tofauti yao si ndogo. Pembe za ayala huanguka kila mwaka na kuota tena, bali pembe za pongo, tohe na korongo hukaa maisha yote. Tena ayala hupandana katika majira maalum na kuzaa katika majira maalum, kwa sababu ya baridi kali. Kwa hiyo sheria yaweza kuhesabu siku. Huko Uingereza dume wa ayala mwekundu aweza kuwindwa tangu Agosti 1 hata Aprili 30, lakini jike tangu Novemba 1 hata Machi 31 tu, ili mtoto asiachwe yatima mchanga.

Na kwa silaha pia mataifa hayakubaliani. Uingereza imekataza kumpiga ayala kwa mshale au mkuki, ikisema kuwa silaha hizo huweza kumjeruhi mnyama akaenda kufa kwa uchungu. Lakini katika majimbo mengi ya Marekani mwenye upinde hupewa majira yake mwenyewe, mara nyingi kabla ya mwenye bunduki; mwenye gobore naye hupewa siku zake. Hoja yao ni kwamba mwenye silaha dhaifu huua wachache, basi yafaa apewe siku nyingi zaidi. Mshale ni mmoja, lakini hapa ni kosa na pale ni ruhusa. Kumbe sheria ya silaha si amri ya maumbile, ni shauri la watu. Na shauri la watu laweza kupimwa kwa haki.

Tukirudi Uha, mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitwaa Kigoma, nao wakaitawala nchi hii mpaka 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Mwaka huo huo wa 1921 Tanganyika ilipata sheria mpya ya kuhifadhi wanyama. Idara ya wanyama ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1919, na mkubwa wake wa kwanza alikuwa C. F. M. Swynnerton. Watu walimwita mwenye kazi hiyo Bwana Nyama. Vyeti navyo vilikuwa vya namna mbalimbali: wanyama wa kawaida walikuwa na cheti chao, na ndovu alihitaji ruhusa ya peke yake, yenye gharama kubwa.

Mwaka 1933 yalifanyika mapatano mengine London, yakaharamisha mashimo, nyavu, mitego, sumu, taa za kupofusha usiku, moto wa kuwazingira wanyama, na kuwinda kwa motokaa. Yasomeni tena maneno hayo kwa uangalifu. Motokaa na taa zilikuwa ukatili wa tajiri, na zilistahili kukatazwa. Sumu na moto huua bila kuchagua jike, dume wala mtoto. Lakini nyavu na mashimo ndiyo yaliyokuwa silaha za mkulima asiye na bunduki. Bunduki nzuri hakupewa, gobore ilikuwa adimu, na mtego ulikuwa hatia. Basi mtu aliyemla tohe kama baba yake alivyomla, alionekana mwizi. Na mgeni aliyelipa fedha alionekana mwindaji.

Wakati huo huo balaa lingine liliifikia Uha, nalo ni malale. Katika miaka ya 1930 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka mapori yenye mbung'o, ikawakusanya katika makao ya pamoja. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa msitu, na wanyama wakaongezeka mahali palipokuwa na nyumba. Swynnerton mwenyewe aliiacha kazi ya Bwana Nyama akawa mkuu wa uchunguzi wa mbung'o mpaka alipokufa mwaka 1938. Baadaye huko Shinyanga wanyama wengi waliuawa makusudi, ili ijulikane kama mbung'o watatoweka. Hivyo mwananchi alimwona mkubwa mmoja akimfunga kwa ajili ya mnyama, na mkubwa mwingine akiwaua wanyama kwa makundi. Si ajabu kwamba hakuielewa sheria.

Baada ya uhuru sheria ilibadilishwa, lakini nguzo zake hazikung'olewa. Ilitungwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na mahali pake ikashikwa na ile ya mwaka 2009. Mwaka 1981 pori la Moyowosi lilifanywa pori la akiba, na mwaka 2000 mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi yaliandikwa kuwa ardhi oevu yenye thamani kwa ulimwengu wote, ya kwanza katika Tanzania kupata heshima hiyo.

Basi mtu wa Kasulu au Kibondo atakaye kuwinda kwa halali na ajiulize maswali haya kabla ya kwenda ofisini. Ni mnyama gani, na wangapi? Cheti hutaja mnyama kwa jina na hesabu. Cheti cha pongo hakimpi mtu haki ya kumpiga nzohe. Ni mahali gani? Eneo lililotajwa ndilo hilo tu. Ni majira gani? Uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1 na kufungwa Machi 31, ili miezi ya mvua kubwa ibaki kimya. Na mwenyeji aulize tarehe zilizotangazwa kwa ajili yake. Ni silaha gani? Bunduki ndogo haifai kwa nyati, maana humjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa ni mauti ya mpita njia. Na jambo ambalo wengi hulisahau ni hili: kibali cha kumiliki bunduki ni kimoja, na cheti cha kuwinda ni kingine. Mwenye kimoja bila cha pili bado amevunja sheria.

Hata hivyo, maswali hayo yanamfaa mwenye bunduki na fedha. Asiye navyo afanyeje? Jibu la hatari lilionekana katika kambi za wakimbizi za mkoa huu. Watu walipewa mahindi na maharagwe bila nyama, tena hawakuwa na haki ya kupata cheti. Taarifa ya shirika la TRAFFIC iliyotolewa mwaka 2008 ilieleza kuwa nyama ya porini ilipikwa gizani, ikaitwa mchicha wa usiku. Jina hilo lachekesha, lakini maana yake ni nzito. Nyama iliyofichwa haihesabiwi. Na isiyohesabiwa haiwezi kulindwa. Mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni za kuuza nyama ya porini katika bucha zenye kibali. Hiyo ni hatua moja ya kuitoa nyama gizani.

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Wanyama wa Moyowosi ni akiba ya watoto wetu, na ye yote atakayeweka mtego wa waya unaomkamata jike mwenye mimba, ameila akiba isiyo yake. Lakini akiba hulindwa vema na mwenye mali. Majira ni haki, hesabu ni haki, na kukataza silaha ya kikatili ni haki. Sehemu iliyobaki kutimizwa ni kwamba mtu aishiye karibu na mnyama aweze kuifikia ruhusa hiyo kwa gharama anayoiweza, na kwa maneno anayoyaelewa. Hapo ndipo cheti kitakapokuwa mapatano kati ya watu na nchi yao, na mlinzi wa kwanza wa nzohe atakuwa jirani yake.