Nyota ya Mamajusi na Hesabu ya Miaka

Kila tuandikapo mwaka wa Yubilei, twahesabu tangu kuzaliwa kwake Bwana wetu. Hesabu hii iliwekwa Roma mwaka 525 na mtawa Dionysius Exiguus, naye alikosa kwa miaka kadhaa. Maana Mathayo atuambia ya kuwa Yesu alizaliwa zamani za mfalme Herode, na wenye elimu ya historia walio wengi wakubali ya kuwa Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, asema ya kuwa mwezi ulipatwa kabla ya kifo hicho. Na wakadiri wahesabu kupatwa huko kuwa kwa tarehe 13 Machi mwaka ule. Basi atafutaye nyota ya Mamajusi, na aitafute kabla ya hapo.

Johannes Kepler, mjuzi wa nyota aliyekaa Prague, aliitafuta. Mwishoni mwa mwaka 1603 sayari Mshtarii na Zohali zilikaribiana, na Oktoba 1604 nyota mpya iling'aa karibu na mahali pale. Akarudisha hesabu nyuma, akaona ya kuwa sayari hizo mbili zilikaribiana mwaka wa 7 kabla ya Kristo, tena si mara moja bali mara tatu, katika kundi la nyota liitwalo Samaki. Walakini hazikuungana, kati yao palibaki nafasi kama upana wa mwezi mara mbili, wala hakuna ambaye angaliziona kuwa nyota moja. Kepler mwenyewe hakusema ya kuwa mkutano huo ndio nyota yenyewe. Alidhani ya kuwa ulifuatwa na nyota mpya, kama alivyoona katika siku zake.

Wengine wageukia Uchina. Vitabu vya kale vya huko vyasema ya kuwa mwaka wa 5 kabla ya Kristo ilionekana nyota iitwayo ya ufagio, yaani yenye mkia, ikakaa zaidi ya siku 70. Na kwa kuwa haikuandikwa ya kuwa ilisogea, wako wasemao ilikuwa nyota mpya. Wengine tena wataja Zuhura na Mshtarii, zilizokutana tarehe 17 Juni mwaka wa 2 kabla ya Kristo, zikang'aa kama taa moja. Jambo hilo lilipendeza macho, lakini kwa hesabu ya walio wengi Herode alikuwa amekwisha kufa.

Tena liko neno gumu kuliko tarehe. Bethlehemu uko kusini ya Yerusalemu, mwendo wa kilomita 9 hivi, na Mathayo asema nyota iliwatangulia Mamajusi hata ikasimama juu ya mahali alipokuwapo mtoto. Hakuna sayari wala nyota yenye mkia iwezayo kuonyesha nyumba moja kati ya nyumba nyingi. Mababa wa Kanisa walilijua jambo hili zamani. Origenes, katika karne ya tatu, alidhani ilikuwa mfano wa nyota zenye mkia; Yohane Krisostomo, karne iliyofuata, alifundisha ya kuwa haikuwa nyota kama nyota nyingine. Wote wawili walikuwa Wakristo, wala hitilafu yao haikuvunja imani ya mtu.

Kwa hiyo mwalimu asiwafundishe watoto ya kuwa nyota imekwisha kupatikana, wala asimdharau aitafutaye kwa hesabu. Mamajusi wenyewe walikuwa watu wa elimu. Elimu yao iliwafikisha Yerusalemu, na huko iliwapasa kuuliza njia. Walioijua walikuwa makuhani na waandishi, kwa kitabu cha nabii Mika. Wakaitaja Bethlehemu, lakini wao wenyewe hawakwenda.