HODI ISIYOITIKIWA
Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Usiku wa Machi 8, 2014, ndege MH370 iliruka kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239. Saa 7:19 sauti ya rubani iliwaaga waongozaji wa ndege. Dakika mbili hivi baadaye, alama yake ikatoweka kwenye mitambo yao. SASA ENDELEA...

Waongozaji wa Ho Chi Minh waliisubiri ijitambulishe. Kimya. Wakaita. Kimya.

Kumbe ndege ilishageuza. Rada ya jeshi la Malaysia ilinasa chombo kikirudi juu ya nchi kavu, kikapita kusini mwa Penang na kushika Mlango-Bahari wa Malacca. Saa 8:22 nacho kikapotea.

Habari ingeishia hapo, lakini juu ya Bahari ya Hindi ilikuwepo setilaiti. Mtambo wa ndege usiposikika kwa muda wa saa nzima, hubishiwa hodi: upo? Nao hujibu wenyewe, bila mkono wa mtu: nipo. Mtambo wa MH370 uliitikia hadi kukakucha. Mara mbili, saa 8:39 usiku na saa 1:13 asubuhi, simu ilipigwa kutoka chini. Hakuna aliyepokea.

Saa 2:19 asubuhi mtambo wenyewe ndio uliobisha hodi, kama uliozimika na kuwaka upya. Wachunguzi wakaona dalili ya mafuta kukauka. Saa 3:15 setilaiti ikabisha tena. Hodi ile haikupata karibu.

Meli zikapekua sakafu ya bahari, magharibi mwa Australia, zisiione. Juni 2016 maji yakatupa kitu ufukweni Pemba: kipande kikubwa cha flapu, kile kibawa cha nyuma ya bawa. Ndani kilikuwa na muhuri wa tarehe, Januari 23, 2002, na namba za kiwandani. Kumbukumbu za kiwanda zikakata shauri: ni ya MH370.

Flapu hukunjwa ndege ikiwa safarini. Rubani huishusha anapotaka kutua. Basi kipande cha Pemba kilibeba swali zito: je, asubuhi ile palikuwa na mtu kwenye usukani, akijaribu kuitua majini?

Wachunguzi wakakifungua. Kwenye mbavu mbili za alumini zilizo ndani, wakakuta alama. Kuna kitu kilikuwa kimezigonga.

ITAENDELEA Jumamosi ijayo.