Kiti cha mtoto garini: Jaribio la ubavuni na maana yake kwa mzazi

BARABARA ya Uganda hupita katikati ya jiji la Eldoret, na humo matatu, bodaboda, malori yaelekeayo Malaba na magari ya kibinafsi hugawana njia. Kila dereva anapokata kona kuvukia upande wa pili, ubavu wa gari lake huwa wazi kwa sekunde chache mbele ya chombo kinachokuja. Iwapo amebeba mtoto nyuma, kinachomtenga mtoto huyo na hatari ni mlango tu.

Gari linapogongwa kwa mbele, boneti hujikunja kwanza na kupunguza nguvu ya kishindo kabla hakijawafikia abiria. Ubavuni hakuna nafasi hiyo. Mlango husukumwa ndani kwa kufumba na kufumbua. Isitoshe, kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na shingo yake haijakomaa.

Hata hivyo, kwa miongo mingi viti vya watoto havikulazimika kujaribiwa kwa ubavu. Kanuni nambari 44 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, ilidai kiti kijaribiwe kwa kugongwa mbele kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa na nyuma kwa kilomita 30. Pengo hilo lilizibwa na Kanuni nambari 129, iliyoanza kutumika mwaka wa 2013.

Katika jaribio hilo, kiti hufungwa kwenye benchi maabarani na kuketishwa mwanasesere mwenye vipimo vya mtoto, aliyewekewa vyombo vya kupima kishindo. Kisha mlango wa maabara na kiti hugonganishwa kwa kasi ya takriban kilomita 25 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mlango unapoingia ndani, wala si ya gari linalogonga.

Wapimaji huangalia hasa mambo mawili: kichwa cha mwanasesere kisivuke usawa wa mlango, na kishindo kinachokifikia kisipite kiwango kilichowekwa. Mbawa za kiti, zilizotandikwa sponji kandokando ya kichwa, ndizo huamua matokeo. Kwa sababu hiyo, kile kiti cha kumwinua mtoto kisicho na mgongo hakina cha kukinga kichwa chake ubavuni.

Marekani nayo ilipitisha kanuni yake mwaka wa 2022, inayoiga mgongano wa kilomita 48 kwa saa, kwa viti vya watoto wa hadi kilo 18.

Mnamo Septemba 2024, Umoja wa Ulaya ulikomesha uuzaji wa viti vipya vya Kanuni 44. Hata hivyo, vilivyokwisha kununuliwa huendelea kutumika, na kiti kinaweza kupita mikono kadhaa kabla ya kuuzwa kama mtumba. Kwa hivyo, mzazi wa Eldoret anayenunua kiti kilichotumika hana budi kukigeuza na kusoma kibandiko, ambacho aghalabu ni cha rangi ya chungwa. Nambari 129 humwambia kuwa kiti kiliundwa chini ya kanuni inayodai jaribio la ubavuni. Nambari 44 haimpi hakikisho hilo. Aidha, amuulize muuzaji iwapo kiti kiliwahi kuwa katika ajali, kwani ufa uliojificha hudhoofisha kinga.

Kiti bora kikifungwa ovyo hakisaidii. Mikanda isilegee wala kujisokota. Kanuni 129 inataka mtoto atazame nyuma hadi atimize miezi 15, na kiti cha namna hiyo kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Panapokuwa na mkanda ufaao, nafasi ya katikati nyuma ndiyo iliyo mbali zaidi na milango yote miwili.

Anayemiliki kiti cha zamani asikitupe kwa sababu ya nambari pekee. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo kwa angalau asilimia 60. Kiti cha Kanuni 44 kilicho kizima na kilichofungwa barabara ni salama kuliko mapaja ya mzazi. Wakati wa kishindo, hakuna mikono iwezayo kumzuia mtoto aliyepakatwa.