Banda la ufukweni lina masharti yake
Kwa mkazi wa Mnazi Mmoja aliyechoshwa na joto na kelele za Kariakoo, banda la makuti kwenye ufukwe wa Kigamboni ni tamaa iliyo karibu: ni ng'ambo tu ya kivuko cha Magogoni, na tangu mwaka 2016 hata kwa daraja.

Hata hivyo, kupata kiwanja hakutoshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na hapo ndipo hasa wengi hutamani kujenga. Mnunuzi apime umbali huo kabla ya kutoa fedha, si baada ya kuezeka.

Boriti za mikoko, zinazokatwa kwa kibali tu, huhimili chumvi. Misumari ya kawaida huliwa na kutu. Makuti nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache.