Koplo na Mafaili Yake

Nilipoanza ukalimani katika mahakama ya Voi, mawakili wa serikali walikuwa watu wa Mahakama Kuu, kule Mombasa. Kwetu, kuanzia wizi wa mbuzi hadi meno ya ndovu kutoka Tsavo, kiongozi wa mashtaka alikuwa askari polisi.

Afande wetu alikuwa koplo. Sheria aliijulia kazini. Asubuhi aliingia na mafaili kwapani, kofia mkononi, keshajua shahidi yupi amefika na yupi amekwama Kasigau hana nauli. Mshtakiwa akikiri, yeye ndiye aliyesoma maelezo ya kosa, nami nikiyageuza Kitaita kituo kwa kituo. Mahakimu walihamishwa, yeye akabaki.

Sheria yenyewe ilimkataa. Kifungu cha 85 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kilimpa Mkuu wa Sheria uwezo wa kuteua viongozi wa mashtaka, ila polisi asiwe chini ya cheo cha Inspekta Msaidizi. Lakini mainspekta walikuwa wachache na kesi hazingoji, basi aliyepatikana ndiye aliyesimama.

Mwaka 2003, katika rufaa ya Elirema, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kesi iliyoendeshwa na polisi asiyestahili ni batili, hata kama aliishika sehemu tu. Wakili wa rufaa hakuwa tena na haja ya kuuchambua ushahidi. Hakimu alikuwa akiandika kwa mkono, juu ya mwenendo wa kila siku, nani yuko mbele yake. Neno "koplo" likionekana hapo, hukumu imeanguka. Hata waliohukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu walinufaika. Pengine kesi iliamriwa ianze upya, na mashahidi wameshatawanyika.

Wengi waliona huo ni ujanja wa mawakili. Mimi sikuuona hivyo: idara moja ikamate, ipeleleze, tena ishtaki, nani atakayeiambia kwamba ushahidi wake ni mbovu?

Katiba ya 2010, kifungu cha 157, ikaikabidhi kazi ya kushtaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na polisi wakaondolewa hatua kwa hatua. Wakaja wanasheria vijana, hodari wa vifungu. Njia ya Kasigau waliulizia kwa karani, na karani akamuuliza afande.