Kastana si njugu

Katika tafsiri ya makala ya lishe niliyoletewa niihariri, nimekutana na 'njugu za kukaanga'. Matini asilia ilizungumzia tunda la mti unaomea Ulaya, ambalo Waarabu huliita kastana, na pia abu farwa, yaani mwenye manyoya. Kisarufi, tafsiri haina kasoro. Kasoro iko tumboni.

Hebu tupime. Gramu 100 za njugu zina takriban gramu 49 za mafuta na 25 za protini. Kastana za kuchoma za uzani huohuo zina mafuta gramu 2 hivi, protini 3, na wanga unaozidi gramu 50. Zina vitamini C pia, ambayo njugu hazina. Msomaji wa tafsiri ile ataamini kwamba njugu hazina mafuta. Naye mgonjwa wa kisukari aliye ughaibuni atabugia kastana akidhani ni njugu, kumbe anakula wanga kama aliyekula kiazi kitamu.

Watu wa milima ya Corsica hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Mnamo 1584, watawala wa Genoa waliwaamuru wenye mashamba kisiwani wapande miti ya matunda, mkastana ukiwemo. Eneo moja lilijaa mikastana hadi likaitwa Castagniccia. Wenyeji walizikausha kastana kwa moto wa polepole kwa majuma kadhaa, wakazimenya, wakazisaga. Unga wake hauna gluteni, hivyo mkate wake hauumuki. Basi wakausonga kwa mwiko juu ya moto, wakauita pulenda. Sisi tungeuita ugali bila kusita.

Ufaransa ilipokitwaa kisiwa hicho, maafisa wake walikereka kuona watu wakishiba bila kulima ngano. Wakadai mti huo unalea uvivu. Mwaka 1771 upandaji wa mikastana mipya katika ardhi iliyofaa mazao mengine ukapigwa marufuku, ingawa amri hiyo haikudumu. Uvivu gani, jamani? Anayeokota, akakausha, akamenya na kusaga, akilala ni kwa uchovu! Hata Parmentier, yule Mfaransa aliyevipigia debe viazi, aliandika kitabu kizima kuhusu kastana mwaka 1780.

Ajabu ni kwamba tunda hili lilikwisha kupenya Kiswahilini kwa kichochoro. Rangi ya 'maruni', ambayo wengine huiita damu ya mzee, chanzo chake ni 'marron', jina la Kifaransa la kastana. Rangi tunayo, tunda hatuna jina lake! Napendekeza tuseme kastana, na mti wake mkastana, kama tulivyofanya kwa lozi na mlozi, ambalo nalo tulilitoa kwa Waarabu. Na kitenzi kiwe kuchoma, si kukaanga, maana haziguswi na mafuta: huchanjwa ganda kwanza, zisije zikalipuka motoni.