Magugu ya Mkonge

Historia ya mkonge Korogwe husimuliwa kama ushindi wa mche. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62 tu. Hesabu hiyo inavutia, lakini inaficha jambo. Mkonge huvumilia jua, ila ukiwa mchanga hauwezi kushindana na magugu. Masika yakinyesha, nyasi huota upesi kati ya mistari, na mche usiopaliliwa hudumaa. Kwa hiyo mmea unaofaa hali ya hewa haukutosha. Alihitajika mtu wa kuajiriwa anayejua wakati wa kushika jembe na umbali wa kuacha asikate mizizi.

Mtu huyo alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa manamba, kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, hasa baada ya SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, kuanzishwa mwaka 1944. Wapo watakaosema mgeni kutoka nyanda za juu hawezi kuitwa mtaalamu wa ardhi ya Korogwe. Hoja hiyo ina uzito, maana wengi walifika wakiwa hawajawahi kuuona mkonge. Lakini kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30, kilikuwa shule kali: kila siku iliyotiwa alama ilidai kazi iliyopimwa, na mwiba ulio ncha ya jani ulimfundisha mpaliliaji mahali pa kuinama. Ujuzi huo haukulipwa kama ujuzi. Kwenye vitabu vya mashamba vibarua hao waliandikwa kwa namba, ndipo likatoka jina manamba.